Mfanyakazi Ambaye Hakukosa Hata Siku Moja

Mimi ni mtu wa mafaili. Kwa miaka mingi nimesimamia mambo ya wafanyakazi katika kampuni ya mbegu za mahindi hapa Kitale, kazi ambayo siku hizi inaitwa rasilimali watu, jina nisilolizoea mpaka leo kwa sababu linafanya watu wasikike kama madini. Watu huniogopa kidogo. Nikiingia ghalani mazungumzo hupungua, na anayekula mandazi saa za kazi huyameza bila kutafuna. Sina ubaya na mtu, lakini hasira zangu ziko karibu, na fomu moja iliyojazwa vibaya inaweza kuniharibia siku nzima.

Katika mafaili yote niliyokuwa nayo, moja nililipenda kupita kiasi. Lilikuwa la mwanamke mchambuaji katika ghala letu la Bungoma. Wachambuaji ni akina mama themanini hivi, wanakaa kando ya mkanda unaotembea, mbegu zinapita mbele yao, nao wanaokota punje zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi kabla hazijatiwa dawa na kufungwa. Ni kazi ya kuumiza mgongo na macho, na watu hukosa. Mtoto ana homa, kuna matanga, mvua imenyesha na shamba linangoja kupandwa. Mama huyu alikuwa na miaka kumi na moja kazini na hakuwa amekosa hata siku moja nje ya likizo yake ya mwaka. Hakuwa ameomba ruhusa ya ugonjwa wala likizo ya uzazi.

Kulikuwa na jambo moja tu katika faili hilo lililonikera. Kwenye orodha ya watoto wake, wawili walikuwa wamepishana miezi mitano. Nilimgombeza karani kwa kunakili tarehe ovyo, nikatia alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, nikaendelea na mambo mengine. Karani alijaribu kuniambia kwamba vyeti vya kuzaliwa vilisema hivyo hivyo. Nilimwambia aache ubishi.

Nikaanza kumtumia mama yule kama fimbo. Mtu akija kwangu kuomba ruhusa ya tatu ndani ya mwezi mmoja, namwambia, kuna mama mmoja Bungoma ana familia kama wewe, anaugua kama wewe, na kila asubuhi yuko kwenye kiti chake. Mwishowe nilimshawishi meneja mkuu tumpe zawadi mbele ya watu wote, cheti chenye fremu na tangi la maji la kupeleka nyumbani. Wazo lilikuwa langu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nalisema hili kwa sababu yaliyofuata pia yalikuwa yangu.

Nilikwenda Bungoma kuzungumza naye ili nipate maneno ya kusoma siku ya sherehe. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye uso wa mviringo na kicheko kisichokauka. Nilimuuliza siri yake ni nini.

"Siri iko nyumbani, madam," akaniambia. "Nyumbani kukiwa sawa, kazi haina shida."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari. Niliyaona ya busara sana.

Wiki iliyofuata nikaamua kwenda kwao Kabuchai kualika familia kimyakimya, ili siku ya sherehe ageuke awaone wamekaa nyuma yake. Nilipita ghalani kwanza. Daftari la mahudhurio lilionyesha ametia sahihi saa moja kasorobo, na karani wa lango akasema yuko kwenye mkanda. Nikachungulia nikaona vilemba themanini vya buluu vimeinama, nikaridhika. Nikapanda pikipiki, tukapita katikati ya mashamba ya miwa na mahindi, tukiuliza njia, mpaka tukafika kwenye boma lenye nyumba mbili zilizotazamana na jiko moja katikati. Nje ya jiko, juu ya gunia, amekaa mama yule yule mfupi mwenye uso wa mviringo, anapukuchua maharagwe.

Sitadanganya, kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira. Niliona zawadi yangu, hotuba yangu na mstari niliopigia busara yake, vyote vimelala kwenye lile gunia la maharagwe.

"Umetoroka kazi?" nikamuuliza, hata salamu sikutoa.

"Hapana, madam. Niko kazini."

"Uko kazini namna gani na mimi nakuona hapa?"

"Niko kazini, na niko hapa pia," akasema, akapangusa mikono. "Rakini si ukae kwanza. Chai iko karibu."

Hakuonekana mtu aliyefumaniwa. Aliniletea kiti, akaniletea chai, na nilipokuwa nikiipuliza akanieleza kila kitu bila kuzunguka.

Walikuwa wake wawili wa mume mmoja, na yeye ndiye mdogo. Siku kampuni ilipoandika wachambuaji, miaka kumi na moja nyuma, mke mkubwa ndiye aliyekwenda kupanga foleni, kwa sababu mdogo alikuwa na mimba ya miezi minane. Lakini kitambulisho cha mkubwa kilikuwa kimeungua pamoja na paa la nyumba yake mwaka uliotangulia, na kipya hakijatoka. Akachukua cha mdogo. Picha ilikuwa imefifia kiasi kwamba ingeweza kuwa ya mtu yeyote mwenye macho mawili. Akafanya jaribio la kuchambua, akapita, akaandikwa kwa jina la mwenzake. Miezi mitatu baadaye mkubwa mwenyewe akawa na tumbo linaloonekana, na mdogo tayari ana nguvu. Wakabadilishana. Na kwa kuwa hakuna aliyeuliza, wakaendelea hivyo, wiki ya mkubwa, wiki ya mdogo, mpaka siku ile niliyoketi pale na kikombe mkononi. Wale watoto wangu waliopishana miezi mitano, wote wawili wameandikishwa kwa kitambulisho kile kile kimoja, walikuwa wakicheza nyuma ya jiko kwa kuwa shule zimefungwa, wamekua, mmoja akifanana na yule mama na mwingine hafanani naye kabisa.

Nikamuuliza waliwezaje. Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza kuniishia.

Kila Jumapili wakitoka kanisani walikaa jikoni, na anayemaliza wiki alimkabidhi anayeanza. Alimwambia mkanda upi unavuta upande, mbegu ya aina gani inachambuliwa, msimamizi ameamka vipi wiki hiyo. Alimwambia pia mambo ya watu. Jirani wa kulia amefiwa na mama yake, usisahau kumpa pole. Jirani wa kushoto nimemwahidi mbegu za sukuma wiki, zibebe. Yule wa mwisho amenisema vibaya, sitaki kuzungumza naye. Na Jumatatu mwenzake anafika, anatoa pole kwa msiba ambao hakuusikia kwa masikio yake, anatimiza ahadi ambayo hakuitoa, na ananuna wiki nzima kwa ugomvi ambao hakuuona. Walitumia aproni moja na jozi moja ya gambuti zilizomtosha mkubwa. Mdogo alijaza matambara mbele.

"Mkigombana wenyewe je?" nikamuuliza. Nilitaka kupata kasoro mahali.

"Tunagombana sana," akasema. "Kuna wakati hatukuongea miezi miwili juu ya ng'ombe. Rakini ya kazi tulikuwa tunapeana. Anaambia mtoto, mtoto ananiambia."

Nilirudi ghalani mchana ule, nikasimama nyuma ya kiti kilichokuwa na jina nililolijua. Aliyekaa hapo alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu na uso usiocheka. Hawakufanana hata kope. Nilitazama vidole vyake vikienda kwenye mbegu na kurudi, vikienda na kurudi, bila kugusa hata punje moja nzima kwa makosa. Hakugeuka.

"Umetoka nyumbani," akasema. Simu ilikuwa imenitangulia.

Sijawahi kuona watu themanini wakifanya kazi kwa bidii namna ile. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikainama kwa mama wa kulia kwake nikamuuliza huyu ni nani.

"Si ni yeye," akajibu.

"Na yule mwingine wa wiki jana?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. "Hata huyo ni yeye."

Niliondoka pale. Nimesoma kazi yangu chuoni, nimehudhuria semina za namna ya kuwafanya watu washirikiane, nimewahi kugawa makaratasi yenye mishale na miduara. Sikuwa nimeona kitu kama hiki. Wanawake wawili ambao desturi yenyewe inawatarajia wachukiane walikuwa wamefanya kitu ambacho mimi na vyeti vyangu hatujawahi kukifanya na wafanyakazi wowote wawili. Na wengine themanini walikuwa wamekitunza kwa miaka kumi na moja, ghalani ambamo habari ya sketi mpya hufika kila kona kabla ya chai ya saa nne. Nilistaajabu mpaka nikaogopa.

Nilikaa na siri hiyo siku mbili. Siku ya tatu nikampelekea meneja mkuu, kwa sababu sherehe ilikuwa inakaribia, na kwa sababu kuajiriwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine ni kosa ambalo kwa sheria zetu linamfukuzisha mtu bila onyo. Ningenyamaza, kisha likajulikana, nami ningetolewa kwa mlango huo huo. Sikuwa shujaa.

Meneja ni mtu mpole, lakini ana hofu ya mawakili. Alinisikiliza, akavua miwani, akaipangusa muda mrefu.

"Kwa hiyo tangi la maji tusinunue," akasema.

Tuliitisha kikao cha nidhamu Kitale. Nilimwandikia mwenye jina barua ya kumweleza makosa yake, na kama sheria inavyotaka nikamwambia ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake amsimamie. Asubuhi ya kikao mlango ulifunguliwa wakaingia wote wawili, wamevaa nguo za kanisani. Mdogo alikuwa ameshika barua yangu.

"Uliandika nije na mfanyakazi mwenzangu," akasema. "Huyu ndiye."

Meneja akasema huyo si mfanyakazi wetu. Mkubwa akavuta kiti akakaa, akaweka mikono juu ya meza. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini, zimesuguliwa na mbegu mpaka mistari ya ngozi haionekani. Nilimtazama meneja akiitazama mikono ile, na najua aliiona.

Tulikuwa tumemwita pia msimamizi wa ghala, mzee kutoka Bokoli aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Nilimuuliza alijua lini.

"Mwezi ule wa kwanza walipobadilishana," akasema.

"Na hukuripoti?"

"Niripoti nini, madam? Mimi nilipewa viti nijaze. Wengine hapo nahangaika nao kila asubuhi, ati huyu hajafika, ati yule amechelewa. Hicho kiti kimoja hakijawahi kaa bila mtu. Sasa ningekuja huku niseme shida ni gani?"

Meneja alitoka nje, akapiga simu kwa wakili, akarudi. Nilikuwa nimempelekea pendekezo la maandishi, kwamba wote wawili waajiriwe upya, kila mtu kwa jina lake, nusu kwa nusu. Alikuwa amelisoma na alikuwa amelikataa. Kampuni, akasema, inamtambua mwenye kitambulisho. Huyo atabaki na kiti, na atapewa onyo la mwisho. Huyu mwingine kampuni haimjui, kwa hiyo haiwezi kumfukuza, na haiwezi kumweka. Asionekane tena ghalani.

Mdogo akaanza kulia. Alilia kwa sauti, yule mwenye kicheko kisichokauka, na mkubwa akamwekea mkono mgongoni kama anavyofanyiwa mtoto aliyepaliwa. Yeye mwenyewe hakulia. Alingoja kelele zipungue, kisha akanigeukia mimi, si meneja.

"Nimesikia," akasema. "Sina neno. Nataka tu barua."

"Barua gani, mama?"

"Ya kusema nilifanya kazi hapa. Iandikwe jina langu."

Meneja akasema hilo haliwezekani, mtu hapewi barua ya kazi ambayo hakuajiriwa.

"Sasa nilikuwa nafanya nini?" akamuuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Meneja akageukia karatasi zake. Mimi ndiye niliyemuuliza barua hiyo ni ya nini, kama kuna mahali anataka kuomba kazi.

"Hapana. Mimi ni wa shamba sasa," akasema. "Mzee wetu alipozikwa, Jumamosi moja mwaka juzi, walisoma historia yake. Kwetu inasomwa yote, mtu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya nini, na bibi zake pia. Wakasoma, bibi wa kwanza ni mkulima. Wa pili ameajiriwa na kampuni ya mbegu. Mimi nilikuwa nimekaa hapo mbele, watu wamejaa kwa hema. Na hiyo ilikuwa wiki yangu, hata aproni nilikuwa nimeiacha kwa kamba ikauke. Sikuweza kusema kitu, tungeharibu. Sasa siku yangu ikifika, sitaki wasome hivyo tena. Watoto wangu washike barua waseme, mama yetu alifanya kazi."

Niliangalia chini. Nimeandika barua za kuajiri, za kuonya, za kufukuza, za kustaafisha. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeishi akingoja barua yangu isomwe siku asiyoweza kuisikia.

Meneja aliinuka, akakusanya karatasi zake. Mlangoni akanivuta kando.

"Mimi sitatia sahihi kitu kama hicho," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ukiandika, ni wewe umeandika. Ikifika kwa wakili, ni wewe utajibu." Kisha akaenda, na akaufunga mlango kwa upole. Hakusema nisiandike.

Nilikaa kwenye kompyuta wao wakiwa wamekaa nyuma yangu. Niliogopa, kwa sababu nina mkopo wa nyumba na watoto wawili shuleni, na najua jinsi karatasi moja inavyoweza kumrudia mwenye kuiandika. Lakini nilijua pia kwamba kama nisingeiandika, ningestaafu na mafaili yangu safi nikiwa na aibu. Niliandika jina lake, ambalo ilibidi anitajie polepole kwa kuwa halikuwa mahali popote katika ofisi yangu. Niliandika kwamba alikuwa mchambuaji wa mbegu katika ghala letu la Bungoma kwa miaka kumi na moja. Mkono ulipopata moto nikaongeza kwamba alikuwa stadi kuliko wengi, mwaminifu kwa wenzake, na kwamba katika muda huo wote hakukosa kazi hata siku moja. Sentensi hiyo ya mwisho niliiandika kwa furaha. Nilitaka isomwe kwenye kipaza sauti chini ya hema, watu wote wa Kabuchai waisikie.

Nikaichapa, nikawasomea kwa sauti. Mdogo alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila neno. Mkubwa alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua, akanyoosha kile kidole kisicho na mistari, akakiweka juu ya sentensi ya mwisho.

"Hapa umekosea, madam," akasema.

"Wapi?"

"Hii ya hakukosa. Mimi nilikosa. Wiki moja nilikuwa nakuja, wiki moja nakaa nyumbani na watoto. Ukiandika sikukosa, utakuwa umechukua siku za huyu unipatie mimi." Akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Andika nusu."

Nilimwambia hakuna atakayejua. Nilimwambia itasomeka vizuri zaidi. Ndiyo, mimi, mtu wa mafaili, nilibembeleza nikubaliwe kuandika uongo kwenye karatasi ya kampuni, mbele ya mwanamke aliyefika Kitale kwa sababu ya shtaka la udanganyifu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa na maneno.

"Isomwe vile ilikuwa," akasema.

Waombaji wa barua wamepita mbele ya meza yangu maisha yangu yote ya kazi. Wameniomba nizidishe miaka, nizidishe cheo, nizidishe sifa. Huyo ndiye pekee aliyewahi kuniomba nipunguze. Niliichana ile ya kwanza, nikarudi kwenye kompyuta, nikaandika nusu, na nikatia sahihi.